Bampa, Grili na Rimu: Tulipe Fundi au Tupake Wenyewe?



Katika Mkoa wetu wa Njombe gari si pambo. Gari ni jembe la pili. Viazi, mahindi, mbao na maparachichi hayana miguu. Yakikaa shambani huoza au hupoteza bei, na yakifika Makambako hugeuka kuwa fedha. Pale Makambako ndipo barabara itokayo Songea na Njombe inapokutana na barabara kuu iendayo Zambia, na ndipo penye stesheni ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kutoka Njombe mjini mpaka hapo ni mwendo wa kilometa zipatazo 60. Kwa sababu ya njia panda hiyo, Makambako ina mafundi wengi wa magari wa kila aina: wa injini, wa umeme, wa matairi, wa bodi na wa rangi.

Katika makala hii nataka kueleza jambo moja dogo ambalo wazazi wengi wenye magari hulifikiria bila kulipigia hesabu. Sehemu za nje za gari zikichakaa, yaani mabampa, grili, maganda ya vioo vya pembeni, vishikio vya milango na rimu, je, ni rahisi zaidi kumlipa fundi au kupaka wenyewe nyumbani? Nilikuwa nikiamini kwamba jibu ni jepesi. Likizo ya Desemba ilinifundisha kwamba si jepesi.

KWA NINI SEHEMU HIZI HUCHAKAA KABLA YA GARI LENYEWE

Kwanza yatupasa kufahamu adui wa rangi. Njombe mjini iko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 2,000. Hewa ya juu ni nyembamba, na kwa hiyo haizuii vizuri ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba kila tukipanda mita 1,000, nguvu ya mionzi hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Sisi tunaovaa makoti mwezi wa Juni hudhani kwamba jua letu ni dhaifu. Joto lake ni dogo kweli, lakini mionzi yake ni mikali. Mionzi hiyo hukata minyororo ya chembe za plastiki na za rangi, na ndiyo sababu plastiki nyeusi hupauka na kuwa ya kijivu kama majivu ya jikoni.

Adui wa pili ni maji. Mvua zetu huanza mwezi wa Novemba hivi na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na baada yake huja ukungu. Chuma kikikutana na maji pamoja na hewa ya oksijeni hupata kutu. Wenzangu wa Kemia wanalijua jambo hili. Rangi ni koti la chuma. Koti likitoboka mahali padogo, maji huingia chini yake, na kutu husambaa ndani huku juu rangi ikionekana nzima.

Adui wa tatu ni changarawe. Gari likiacha lami na kuingia njia za mashambani, mawe hurushwa na matairi na kupiga rimu na mabampa. Kila jiwe hufungua mlango mdogo, na maji huingia kwa mlango huo.

Basi, kupaka rangi sehemu hizi si mapambo tu. Kwa plastiki yaweza kuwa ni uzuri zaidi kuliko haja, lakini kwa chuma ni kinga. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

PIKAPU YETU

Baba ana pikapu ya zamani ya milango miwili ambayo huchukua viazi kutoka vijijini na kuvipeleka Makambako. Mwezi wa Desemba mabampa yake yote mawili, ambayo ni ya chuma, yalikuwa yamekwisha kuota kutu. Grili ilikuwa imepauka, rimu zilikuwa na madoa mekundu, na plastiki za juu ya matairi zilikuwa nyeupe kama mtu asiyejipaka mafuta. Wafanyabiashara wawili walikwisha kumwambia Baba kwamba gari lenye sura ile halitoi imani ya kufika.

Baba alinichukua tukaenda kwa fundi wa rangi Makambako. Fundi alizunguka gari mara mbili, akagonga bampa la mbele kwa kidole, akasikiliza, kisha akaandika hesabu yake kwenye kipande cha boksi:

Bampa la mbele, pamoja na kuchomelea . . . Sh. 80,000
Bampa la nyuma . . . Sh. 60,000
Grili . . . Sh. 30,000
Maganda ya vioo viwili . . . Sh. 20,000
Vishikio viwili vya milango . . . Sh. 10,000
Rimu nne . . . Sh. 80,000
Plastiki za juu ya matairi, nne . . . Sh. 40,000
Jumla . . . Sh. 320,000

Baba akaomba apunguziwe. Fundi akasema, “Mzee, kwa kuwa ni kazi ya pamoja, nipe 280,000, na siku ya tatu uje uchukue gari lako.”

Baba alishukuru, akaomba nafasi ya kufikiri. Njiani alikaa kimya muda mrefu. Mdogo wangu wa kike alikuwa amechaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza, naye alihitaji godoro, sanduku la bati, sare na viatu kabla ya Januari. Tulipokaribia nyumbani Baba akasema, “Mwanangu, rangi hii tukiipaka sisi wenyewe, nusu ya fedha itabaki, na godoro la mdogo wako litapatikana hapo.” Nikaitikia kwa furaha. Nilikuwa likizoni, nina nguvu, na nilikuwa nimewahi kupaka rangi madawati ya shule. Nilidhani kwamba bampa na dawati ni ndugu.

VITU TULIVYONUNUA

Siku ya pili tulinunua vifaa hivi:

Misasa 8 . . . Sh. 8,000
Brashi ya waya . . . Sh. 3,000
Thina lita 1 . . . Sh. 8,000
Tepu ya karatasi 3 . . . Sh. 6,000
Praima ya chuma, makopo 3 ya kupuliza . . . Sh. 21,000
Rangi nyeusi, makopo 6 ya kupuliza . . . Sh. 42,000
Vanishi angavu, makopo 3 . . . Sh. 24,000
Barakoa yenye kichujio, miwani na glavu . . . Sh. 21,000
Sabuni na vitambaa . . . Sh. 3,000
Jumla . . . Sh. 136,000

Muuza duka alitushauri tuongeze kopo la praima ya plastiki la shilingi 12,000. Tukaona anataka kutuuzia tu, tukakataa. Kumbuka kopo hilo, msomaji, kwa maana litarudi.

Kopo la kupuliza ni uvumbuzi wa kufaa sana. Mwaka 1949 Mmarekani mmoja aitwaye Edward Seymour, wa mji wa Sycamore katika jimbo la Illinois, ndiye aliyetia rangi ndani ya kopo lenye gesi ya kusukuma. Kabla ya hapo aliyetaka kupuliza rangi alihitaji kompresa na bunduki ya kupulizia. Na kabla ya hizo, magari yalipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na gari moja lingeweza kungoja majuma kadhaa likauke. Hali hiyo ilianza kubadilika gari la Oakland la kampuni ya General Motors lilipotolewa, kwa mwaka wa 1924, likiwa na rangi mpya ya Duco, iliyokauka kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo kijana wa Njombe mwenye kopo mkononi ana chombo ambacho kiwanda kikubwa cha zamani kingekitamani. Walakini chombo si ufundi.

MAMBO YALIVYOTUENDEA

Siku ya kwanza tuliosha gari, tukafungua sehemu zote zinazofunguka, tukaanza kupiga msasa. Tulipofika kwenye bampa la mbele, brashi ya waya ilipita upande wa pili. Kutu ilikuwa imekula chuma mpaka imebaki ngozi ya rangi tu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini fundi aligonga na kusikiliza. Tundu lile halikuweza kuzibwa kwa rangi. Lilihitaji moto wa kuchomelea. Bampa hilo tukaliweka kando.

Siku ya pili asubuhi kulikuwa na manyunyu, kisha mawingu yakafunguka kidogo. Kwa haraka ya kumaliza tukapuliza bampa la nyuma, rimu, plastiki na grili. Jioni tuliporudi kutazama, bampa lilikuwa limefunikwa na utando mweupe kama maziwa. Siku ya tatu tukafunga grili mahali pake, na kidole changu kilipopita juu yake, rangi ilinyanyuka kama ganda la kitunguu.

Makosa haya mawili yana sababu zake, na ni vizuri wanafunzi wa Fizikia na Kemia wazijue.

Utando mweupe ulitokana na unyevu. Thina iliyomo ndani ya rangi hugeuka mvuke haraka sana, na kila kioevu kinachogeuka mvuke huchukua joto kutoka mahali kilipo. Jaribu kujipaka spiriti mkononi, utasikia baridi. Bampa la chuma lililokuwa baridi tangu asubuhi likazidi kupoa wakati rangi ilipokuwa ikikauka. Hewa nayo ilikuwa imejaa unyevu wa mvua. Hewa yenye unyevu ikigusa kitu baridi hutoa maji, kama tunavyoona umande kwenye majani. Maji hayo yakanaswa ndani ya rangi mbichi, na mng'ao ukapotea.

Kubanduka kwa grili kulitokana na plastiki yenyewe. Plastiki nyingi za magari zimetengenezwa kwa aina ambayo haishikamani kwa urahisi na kitu chochote. Ndiyo sababu gundi nyingi pia hushindwa kuziunganisha. Praima ya plastiki ndiyo inayoshika upande mmoja plastiki na upande wa pili rangi, kama mshenga kati ya nyumba mbili. Sisi tulimfukuza mshenga kwa ajili ya shilingi 12,000, tukataka ndoa isimame. Swali mtajiuliza: mbona plastiki za juu ya matairi hazikubanduka? Zenyewe zilikuwa zimekwaruzwa sana na changarawe na msasa wetu, hivyo rangi ilipata mahali pa kushika. Grili, yenye vipenyo vingi, hatukuifikia vizuri kwa msasa.

Ikabidi turudi dukani kwa unyenyekevu. Tulinunua praima ya plastiki kwa shilingi 12,000, kopo jingine la vanishi kwa shilingi 8,000 na misasa miwili kwa shilingi 2,000. Rangi nyeusi ilitosha, kwa sababu makopo mawili tuliyokuwa tumeyawekea bampa la mbele yalibaki. Siku ya nne na ya tano tulifanya kazi upya, safari hii tukingoja jua. Bampa la mbele Baba alilipeleka kwa fundi yule yule. Fundi alicheka kidogo, hakutudharau, lakini punguzo halikuwapo tena. “Lile lilikuwa la kazi nzima, Mzee,” alisema. Baba akalipa shilingi 80,000.

HESABU YA KWELI

Jioni moja Baba aliniambia nilete kalamu na karatasi. Tukaandika hivi:

Vifaa vya kwanza . . . Sh. 136,000
Vifaa vya kurudia . . . Sh. 22,000
Bampa la mbele kwa fundi . . . Sh. 80,000
Jumla ya fedha iliyotoka . . . Sh. 238,000

Ukilinganisha na shilingi 280,000 za fundi, tumeokoa 42,000. Nikataka kushangilia. Baba akasema, “Bado. Gari lilikaa siku ngapi?” Kwa fundi lingekaa siku tatu. Kwetu lilikaa siku tano. Siku moja ya safari za viazi, baada ya kutoa mafuta ya gari, humwachia Baba shilingi 25,000 hivi. Siku mbili za ziada ni shilingi 50,000. Basi hesabu ikawa 288,000. Tulikuwa tumetumia shilingi 8,000 zaidi kuliko kama tungemlipa fundi tangu mwanzo, na jasho letu watu wawili hatukulipigia bei.

Kwa haki yapasa kusema pia kwamba barakoa, miwani, glavu na brashi ya waya, vyenye thamani ya shilingi 24,000, vilibaki nyumbani. Ukivitoa, tunapata faida ya shilingi 16,000. Lakini hakuna godoro la shilingi 16,000. Mdogo wangu alikwenda shule Januari na sanduku jipya na godoro la zamani la Bibi, ambalo lilikuwa limekaa darini. Alilipokea bila kunung'unika. Mimi niliyelifunga kamba ndiye niliyeona haya.

FUNDI HULIPWA KWA KITU GANI?

Tangu siku hiyo sikusema tena kwamba mafundi ni ghali. Nilipokwenda kuchukua bampa la mbele nilikaa nikitazama kazi yake. Fedha ya fundi inalipa kompresa na umeme wake, bunduki ya kupulizia, banda la kuzuia vumbi na upepo, na mashine ya kuchomelea. Inalipa jicho lake la kulinganisha rangi, maana rangi ya gari la miaka mingi si ile iliyoandikwa kwenye kopo. Jua limekwisha kuibadilisha, na fundi huchanganya kidogo kidogo mpaka zifanane. Inalipa pia makosa aliyokwisha kufanya zamani kwa vitu vingine, ili asiyafanye kwenye kitu chako.

Tena fundi huweza kutumia rangi ya kuchanganya na hadina, ambayo hukauka kwa kuungana kikemia na huwa ngumu kuliko rangi ya kopo la kawaida. Petroli ikiidondokea, haiyeyuki upesi. Kwa sehemu zinazopigwa mawe kila siku, ugumu huo ni faida kubwa.

Lakini hapa nawaonya wenzangu. Hadina nyingi za rangi za magari zina kemikali ziitwazo isosayaneti. Ukungu wake ukivutwa puani huweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haiuzuii hata kidogo. Rangi hizo si za kupuliziwa uani na mwanafunzi. Hata mafundi wenyewe wanastahili vifaa bora kuliko kitambaa walichofunga usoni, na mteja mwenye huruma asiwaharakishe mpaka wakaacha kujikinga.

Vile vile rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Sayansi haijapata kiasi cha risasi katika damu ambacho ni salama, na watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi. Kwa hiyo tumia msasa wa maji, usitoe vumbi. Wadogo zako wakae mbali, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mvuke wa thina nao ni mzito kuliko hewa na hushika moto upesi. Usipulize karibu na jiko la mkaa, wala ndani ya chumba kilichofungwa.

MARA YA PILI

Mwezi wa Juni, likizoni, rimu zetu zilikuwa zimeanza kudonolewa na mawe. Baba alinitazama, nikamwambia, “Nipe Jumapili mbili, Baba.” Jumapili gari letu halichukui mzigo, kwa hiyo hakuna siku iliyopotea. Juni ni mwezi wa baridi kali kwetu, lakini mvua huwa imekwisha. Kila Jumapili nilifanya rimu mbili, nikaanza kazi ya kupuliza saa nne, jua likiwa limekwisha kuondoa umande, na nikaacha saa tisa kabla baridi haijarudi. Makopo niliyaweka kwanza katika maji ya vuguvugu ili rangi itoke laini. Maji ya vuguvugu tu, wala si moto, kwa maana kopo likipata joto kali hulipuka.

Nilipuliza tabaka jembamba, nikangoja, nikapuliza jingine. Zamani nilikuwa nikitaka kufunika mara moja, na rangi ilitiririka kama machozi. Sasa nilifahamu kwamba tabaka tatu nyembamba hukauka vizuri kuliko moja nene, kwa sababu thina ya chini hupata njia ya kutoka.

Hesabu ilikuwa hivi: praima makopo 2, Sh. 14,000, rangi makopo 2, Sh. 14,000, vanishi kopo 1, Sh. 8,000; misasa 4, Sh. 4,000. Jumla Sh. 40,000. Kwa fundi zingekuwa Sh. 80,000. Barakoa na miwani vilikuwapo tayari, na hakuna kilichobanduka. Tuliokoa shilingi 40,000 kamili, na Baba akaongeza juu yake mpaka mdogo wangu akapata godoro lake. La Bibi lilirudi darini.

BASI, TUFANYEJE?

Kwa mafunzo hayo nawapa wasomaji shauri langu.

1. Mpe fundi kazi ya chuma kilicholiwa na kutu, kazi ya kuchomelea, na sehemu yoyote ambayo rangi yake lazima ifanane na mwili wa gari. Hapo kujifanyia ni hasara.

2. Jifanyie mwenyewe vitu vidogo vinavyofunguka na vyenye rangi nyeusi au ya fedha: rimu, grili, maganda ya vioo, plastiki za pembeni. Hakuna atakayepima kama weusi wa grili unafanana na weusi wa rimu.

3. Usianze mvua zinaponyesha. Hapa kwetu ngoja kiangazi, na ufanye kazi katikati ya mchana. Makambako iko chini kidogo kuliko Njombe mjini, na asubuhi zake si baridi sana kama zetu. Hata hivyo umande ni umande.

4. Usiruke hatua. Osha kwa sabuni, suuza, kausha, piga msasa, futa vumbi, paka praima inayofaa, kisha rangi, kisha vanishi. Kazi ya kutayarisha huchukua muda mrefu kuliko kupuliza, na ndiyo inayofanya rangi ikae.

5. Funika vizuri taa, vioo na matairi. Usipake rangi juu ya namba za gari wala vile vipande vinavyoakisi mwanga usiku. Katika ukungu wa milima yetu, kipande hicho chaweza kumwokoa mtu.

6. Kama unataka kubadilisha rangi ya gari zima, jambo hilo ni lingine. Rangi ya gari imeandikwa katika kadi yake; uliza kwanza ofisi ya Mamlaka ya Mapato kabla hujanunua kopo la kwanza.

7. Katika hesabu yako andika siku ambazo gari halitafanya kazi. Gari la biashara likilala, fedha nayo inalala. Gari la kutembelea tu halina hasara hiyo, na mwenye nalo anaweza kujifunza polepole.

8. Andika pia fedha ya kosa. Anayeanza lazima atakosea, na kosa lina bei yake. Akilitengea fedha mapema, halitamshtua.

Baadhi ya wenzangu husema kwamba mwanafunzi wa sekondari hana haja ya kujua msasa na praima. Hayo ni ya waliokwenda vyuo vya ufundi vya VETA. Mimi sikubali. Katika siku tano zile nilikutana na mvuke na umande wa Fizikia, kutu na thina za Kemia, na hesabu ya faida na hasara niliyoisoma darasani bila kuamini kwamba iko katika maisha. Tena nilijifunza kumheshimu mtu anayegonga chuma kwa kidole na kusikiliza.

Fundi yule bado yuko Makambako, nasi tunamsalimu kila tupitapo. Mara ya mwisho alizitazama rimu zetu, akauliza nani kazifanya. Baba akanielekeza kidole. Fundi akainama, akapitisha ukucha wake kwenye ukingo wa rimu, akaona haibanduki.

“Hii sawa,” akasema. “Lakini bampa niletee mimi.”

Nikamjibu kwamba bampa ni lake.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne